Herufi ĩ na ũ katika Majina ya Visanduku vya Baruapepe

Msimbo wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, una nafasi 128 tu. Nafasi hizo zinakitosha Kiswahili cha hati ya Kilatini, hata ng' pamoja na ritifaa yake, na kwa hiyo wengi wetu hatukuuhisi ufinyu wake. Hali ya Kikuyu na Kikamba ni nyingine. Lugha hizo zina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Anayefuta kiwimbi amefuta irabu nzima.

Itifaki ya IMAP, aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986, humwezesha mtu kuziacha barua zake katika seva na kuzipanga katika visanduku alivyovipa majina mwenyewe. Majina hayo yalipaswa kupita katika njia ya biti saba. Toleo la mwaka 1996, yaani RFC 2060, liliamua kwamba herufi zisizomo katika ASCII zisimbwe kwa UTF-7 iliyorekebishwa. UTF-7 ya asili, ya mwaka 1994, ilitumia + na /. Ya kwanza ilikuwa imezoeleka katika majina ya visanduku, na ya pili aghalabu hutenganisha kisanduku na kilichomo ndani yake. Basi + ikapisha &, na / ikapisha mkato; & yenyewe ikawa haina budi kuandikwa &-.

Kwa kanuni hiyo, Gĩkũyũ huwa G&ASk-k&AWk-y&AWk-. Biti 16 za ĩ hukatwa sita sita, zikatoa ASk. Msomaji hapaswi kuuona msimbo huu kamwe. Huuona pale tu programu yake inaposhindwa kuufasiri.

Lakini Unicode inaruhusu pia kuandika i ikifuatwa na kiwimbi kinachoelea, na hapo jina lilelile huwa Gi&AwM-ku&AwM-yu&AwM-. Kwa jicho ni neno moja; kwa seva isiyosawazisha ni visanduku viwili, ingawa usimbaji ni sahihi kotekote. Je, ĩ ni herufi, au ni herufi yenye alama? Kwa maoni yangu swali hili ni la wanaisimu kabla ya kuwa la mafundi.

Mafundi ndio waliolijibu. RFC 9051, ya mwaka 2021, inataka majina katika UTF-8, na inairuhusu seva kuyageuza yawe katika umbo la herufi zilizoungana. Hata hivyo, anayetia alama ya toni juu atakuta kwamba ṹ ina nafasi yake katika Unicode, ilhali ĩ́ haina.