Redio za jumuiya Maniema: zikinyamaza, nani anaumia?

Maniema ina maeneo 7: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Barabara ni mbaya, na gazeti la Kinshasa likifika kijijini limeisha kuzeeka. Kwa watu wengi, habari ni redio.

Radio Okapi, iliyoanzishwa tarehe 25 Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, inasikilika Kindu, lakini inahudumia nchi nzima. Bei ya mihogo Alunguli ao kisima kilichoharibika Mikelenge, hiyo ni kazi ya redio ndogo za hapa.

Redio hizo zinaishi namna gani? Kwa matangazo ya kulipia: kifo, ndoa, mtoto aliyepotea. Mara nyingine kwa mradi wa shirika la kigeni. Mshahara ni kidogo ao hakuna kabisa, na mwandishi anaishi na «kupaji», zile faranga anazopewa na mwenye kuita mkutano. Ugonjwa unaanzia hapo, hata kabla ya misaada kukatika: mwenye kulipa ndiye anasikika. Mkimbizi aliyetoka Kabambare na bunda lake kichwani atalipa na nini?

Kisha ikaja Januari 2025. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai USAID ikafungwa. Mwezi uleule wa Januari M23 iliingia Goma, Februari ikawa Bukavu. Wenye ndugu kule walitafuta habari kwa WhatsApp, na huko uongo unakimbia kuliko pikipiki.

Mwaka ule pia kipindupindu kiligusa Maniema. Ugonjwa huu haungoji. Mgonjwa anaweza kufa kwa masaa machache, kwa hiyo familia inapaswa kujua leo, si kesho, kwamba aanze kunyweshwa maji ya chumvi na sukari wakiwa njiani, na wapi anapokelewa. Redio ikikosa mazuti ya grupu, ujumbe unabaki kwenye karatasi ya Kifaransa, ofisini. Mama wa Alunguli anayevuka Lualaba kwa mtumbwi, simu yake haina intaneti, atausikia kwa jirani, kama jirani naye ameusikia.

Paneli za jua zinapunguza gharama ya mazuti. Lakini betri zinachoka, na pesa ya kununua zingine inatoka kwa matangazo yaleyale ya vifo na ndoa.