Idhini ya Mume

Mwanafunzi wa sheria hapa Butembo akitaka kuchunguza haki ya mwanamke kazini, huenda akaanza na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 12 chasema kwamba Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba sheria iwalinde wote sawasawa. Kifungu cha 14 chaiagiza Serikali iondoe ubaguzi wa kila namna juu ya wanawake. Akifunga kitabu hapo, atadhani shauri lilikwisha mwaka ule. Halikwisha.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1986 nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilithibitisha mapatano ya Umoja wa Mataifa yanayokataza ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti 1987, ikatangaza Sheria ya Jamaa. Kifungu chake cha 448 kilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya mapatano yoyote yatakayomfunga kutenda kazi yeye mwenyewe. Mwalimu au muuguzi aliyeolewa alikuwa na diploma yake, ila sahihi yake peke yake haikutosha. Msichana asiyeolewa na mjane hawakudaiwa idhini hiyo. Hivyo ndoa, ambayo wawili huingia kwa hiari yao, ilimpunguzia uhuru mmoja tu.

Katiba ya 2006 ilipokuja, kifungu hicho hakikufutwa. Kiliendelea kuandikwa katika sheria miaka kumi, mpaka sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilipokirekebisha. Mume angali anaitwa mkuu wa nyumba. Lakini kuhusu mapatano ya namna hiyo, sasa mume na mke wote wawili wanatakiwa kupatana.

Historia hii yatufundisha kwamba haki iliyotangazwa kwa neno kubwa yaweza kuzuiwa na kifungu kidogo. Tena, kifungu kikisharekebishwa, desturi ya ofisini yaweza kubaki ilivyokuwa. Basi katika vikundi vyetu tuulizane: mahali ambapo mke anayeomba kazi, Beni au Butembo, anatakiwa kuleta barua ya mumewe, je, mume naye anatakiwa kuleta barua ya mkewe? Kama sivyo, usawa ule wa kifungu cha 12 haujafika mahali hapo.