Dola Isiyo na Dini na Ndimi za Waumini: Hoja kutoka Likoni na Kisauni

Ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatangaza kwa maneno machache kwamba hakuna dini ya taifa. Ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na ibada. Ya 33 inampa uhuru wa kujieleza, ila uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Hata hivyo, ndani ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kimesalia kifungu cha 138, kinachomtia hatiani anayesema au kuandika neno kwa kukusudia kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja. Nashikilia kwamba kifungu hiki hakina mahali katika dola isiyofungamana na dini, na kwamba yaliyotokea Likoni na Kisauni, mjini Mombasa, ambayo hutajwa mara kwa mara kukitetea, ndiyo yanayokiumbua.

Chimbuko lake linajulikana. Maneno yake yanakaribiana sana na kifungu cha 298 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, sheria iliyotumika huku kwetu kabla ya kanuni ya sasa kuanza kazi mwaka 1930. Mtawala wa kigeni alitaka masoko yatulie; nani mwenye hoja na nani hana, hilo halikumhusu.

Aliyewahi kusimama kwenye mihadhara ya Pwani anajua mambo yanavyokwenda. Kuna meza, spika, Biblia na Msahafu. Mhadhiri hutaja sura na aya, msomaji huifungua na kuisoma kwa sauti, kisha mhadhiri huuliza umati: mmesikia? Mchungaji aliyekuja na kitabu chake hupewa nafasi ajibu. Watu hucheka, hukasirika, hubishana hadi kwenye kituo cha matatu. Ni mjadala mkali, na mara nyingine wa kukosa adabu. Mimi mwenyewe sipendi namna baadhi ya wahadhiri wanavyoitania imani ya jirani zao. Lakini kutopenda kwangu si ushahidi wa jinai.

Tanzania ililipima jambo hili mahakamani. Mhubiri wa Kiislamu, Dibagula, alihukumiwa Morogoro miezi 18 gerezani chini ya kifungu cha 129, ndugu wa 138 yetu, kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Hukumu hiyo iliwaghadhibisha Waislamu wengi. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliitengua: mtu kueleza itikadi ya dini yake hakutoshi kuthibitisha nia ya kuumiza. Uamuzi ule ni wa busara, lakini umeishia njiani. Ukikubali kwamba Mwislamu anaruhusiwa kusoma Suratul Ikhlas kwa sauti, umekubali kwamba anaruhusiwa kukana Utatu. Ukikubali kwamba Mkristo anaruhusiwa kukiri imani yake kila Jumapili, umekubali kwamba anaruhusiwa kusema jambo ambalo jirani yake analiona shirki. Dini zetu hukanushana ndani ya ibada zenyewe. Hisia zilizoumia zikiwa ndiyo mizani, hakuna msikiti wala kanisa Changamwe litakalosalimika.

Pwani ina mfano wake wa kujibizana kwa kalamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawapinga wamisionari na, kwa ukali uleule, akazipinga mila za Waislamu wenzake alizoziona bidaa. Waliomsoma waliudhika. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu.

Nitajibiwa kwamba siku zile si siku hizi. Machi 23, 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja Likoni wakati wa ibada ya Jumapili na kuwamiminia waumini risasi. Watu sita walikufa. Je, palepale mtu ajiachie kusema lolote? Swali hilo nalichukulia kwa uzito wote. Lakini waliolivamia kanisa lile hawakuwa wanajibu hoja ya mtu. Walikuja kuua, na sheria dhidi ya mauaji na dhidi ya anayeyachochea ipo bila ya kifungu cha 138.

Sheria hiyo ndiyo ambayo haikutumika ipasavyo. Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa Mombasa, alishtakiwa Januari 2012 kwa makosa ya silaha na uanachama wa al-Shabaab. Kesi hazijamalizika, akapigwa risasi na kufa barabarani Agosti 27 mwaka huohuo. Vijana walimwagika barabarani na makanisa yakashambuliwa: waumini wasiohusika walilipishwa damu ambayo hawakuimwaga. Tulichopoteza kwa kifo kile ni hukumu ya mahakama ya wazi, ambayo ingewaonyesha vijana wa Kisauni, kwa ushahidi, mpaka ulipo kati ya mahubiri makali na wito wa kumwaga damu. Mpaka huo haukuchorwa.

Mnamo Novemba 2014 polisi walivamia misikiti ya Swafaa na Minaa, Kisauni, siku chache baada ya kuvamia misikiti ya Musa na Sakina upande wa kisiwani. Walisema wamepata silaha, na misikiti ikafungwa. Aliyeficha guruneti msikitini anastahili kushtakiwa, tena kwa jina lake. Mzee aliyekwenda kuswali alfajiri akakuta mlango umefungwa alikuwa amekosa nini? Dola isiyo na dini inapofunga nyumba ya ibada kwa tuhuma za wachache, inawafanya waumini wote washukiwa kwa sababu ya dini yao, kinyume cha ibara ya 8.

Vifungu vinavyotangulia 138 vina thamani nisiyoibeza. Cha 134 kinakataza kuharibu au kunajisi mahali pa ibada, cha 135 kuvuruga ibada, cha 136 kuvamia makaburi. Vinalinda mlango, mkusanyiko na maiti, mambo ambayo shahidi anaweza kuyaona na kuyaeleza, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini. Kifungu cha 138 kinamtaka hakimu apime moyo wa mnenaji kwa uchungu wa msikilizaji, na kwa kuwa hawezi, atasikiliza umati wenye sauti kubwa zaidi nje ya mahakama. Bunge likifute, na vile vingine visimamiwe bila upendeleo, hata mvamizi anapokuwa askari.