Umuvumu: uzio uliogeuka kuwa historia

Wenzetu, hapa Kigali tunalisikia sana hili neno: "Sisi tuko kwa muda tu, kupanda mti kuna faida gani?" Leo tulijibu kwa historia.

Umuvumu ni mti wa asili wa Rwanda, ndugu yake mkuyu. Wataalamu wanauita Ficus thonningii. Kivuli chake kipana, ukame unauvumilia, na si lazima utafute mbegu: unakata tawi nene, unalisimika ardhini mvua zikianza, linatoa mizizi lenyewe. Zamani watu walibandua gome lake na kulipondaponda mpaka likawa nguo, impuzu. Waganda nao wana mutuba, mti wa jamii hiyohiyo. Ufundi wa nguo zake uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008.

Sasa sikieni. Wafalme wa Rwanda hawakukaa sehemu moja. Walihamahama, na walipofika walijenga nyumba za nyasi zenye uzio, na ndani ya uzio vigingi vya umuvumu. Mfalme akihama au akifa, nyumba zilioza. Vigingi vilibaki, vikawa miti mikubwa. Mahali hapo panaitwa ikigabiro, na ndugu zetu wa Burundi wanalijua pia neno hilo. Kwa miti hiyo wazee walionyesha: hapa palikuwa kwa mfalme fulani. Yaani, aliyehama ndiye aliyeacha alama.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari walileta mikaratusi. Inakua haraka, inatoa nguzo na kuni, basi ikajaa vilimani, na miti ya asili ikapungua. Siku hizi Kigali inairudisha: bustani ya Nyandungu, zaidi ya hekta 120 za bonde lililokuwa limeharibika, ilifunguliwa 2022 ikiwa imepandwa miti ya asili kwa maelfu.

Ninyi wa mashirika, mkileta miche msihesabu tu iliyopandwa. Ulizeni kama mwenye ardhi amekubali, na nani ataulinda mti na mbuzi mwaka wa pili. Umuvumu unataka nafasi: pembeni ya kiwanja cha mpira sawa, karibu na ukuta wa nyumba hapana.

Nasi vijana, pengine tutarudi nyumbani, pengine tutapelekwa nchi nyingine. Kigingi kinasimikwa kwa asubuhi moja tu. Kivuli watakikalia wengine, na watajua kwamba hapa waliishi watu.