Christ Tshiunza: mtoto wa Kinshasa ndani ya jezi ya Wales

Wenzetu wa Rusizi, leo historia yetu ni ya raga. Wengi tunajua mpira wa miguu tu, lakini huyu kijana anatuhusu.

Christ Tshiunza alizaliwa Kinshasa tarehe 9 Januari 2002. Akiwa bado mtoto akahamia Cardiff, mji mkuu wa Wales. Katoka mji wa Kilingala na Kifaransa, kaingia mji wa Kiingereza na Kiwelisi. Alisoma Whitchurch High School, shule ileile ya Gareth Bale wa mpira wa miguu na Sam Warburton, aliyekuwa kapteni wa raga wa Wales. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, huku akichezea klabu ya Exeter Chiefs. Ni mrefu, karibu mita mbili, na hucheza mbele, kule kwenye kusukumana na kurukia mpira.

Tarehe 14 Novemba 2021, akiwa na miaka 19, aliichezea Wales kwa mara ya kwanza. Waliishinda Fiji 38-23. Mwaka 2023 alikwenda Ufaransa kwenye Kombe la Dunia, akacheza dhidi ya Ureno mjini Nice.

Sasa jambo lenyewe ndo hili. Mpira wa miguu unataka uwe raia wa nchi unayoichezea. Raga haiko hivyo. Unaruhusiwa kama ulizaliwa pale, kama mzazi, babu au bibi yako alizaliwa pale, au kama umeishi pale miezi 60 mfululizo.

Miezi 60! Kuna kati yetu waliovuka mto kutoka Bukavu, wakapitia Nyarushishi, na miezi hiyo imeshapita zamani. Watu wanaiita miaka ya kungoja. Raga inaihesabu kuwa miaka ya kuishi. Tusidanganyane: sheria ya mchezo haikupi uraia wala kazi. Lakini inaonyesha kwamba kuna njia nyingine ya kujibu swali la "wewe ni wa wapi?"

Na ninyi ndugu mnaofanya kazi na wakimbizi: Tshiunza hakufika kwa kipaji peke yake. Alipata shule, timu na muda wa kukua. Mpira unaoletwa siku moja ya sikukuu hautoshi. Kocha wa kila wiki ndo anabadilisha kitu.

Wewe una miezi mingapi hapa? Na umeifanyia nini? Tuandikie.