Leso na Gereza: Hisia za Wareno Machoni pa Wamvita

Watu wa Rasi ya Iberia, yaani Wahispania na Wareno, wamesifiwa na kulaumiwa kwa karne nyingi kwa tabia ya kuzidhihirisha hisia zao hadharani: kulia mbele za watu, kukumbatiana, kuapa kwa sauti, kubeba sanamu za huzuni barabarani siku za sikukuu. Waliowaeleza hivyo aghalabu walikuwa wageni kutoka Ulaya ya kaskazini. Wamvita waliowajua tangu Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1498 hadi Ngome ya Yesu ilipoangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698, ni nadra kuulizwa. Makala haya yanajaribu kuwauliza.

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba katika habari za Mombasa si rahisi kumtenga Mreno na Mhispania. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 chini ya Filipo wa Pili, mfalme wa Hispania ambaye tangu 1580 alikuwa ameurithi pia ufalme wa Ureno. Mataji hayo mawili yalikaa juu ya kichwa kimoja hadi 1640.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Takriban maandishi yote ya wakati ule ni ya Wareno wenyewe, na humo Mmvita ndiye anayetazamwa. Katika *Os Lusíadas*, utenzi mkuu wa Camões uliochapishwa mwaka 1572, Mombasa ni mji wa watu wanaotabasamu huku wakificha nia, na ni kwa sababu ya hatari ya bandari hiyo kwamba Venus anakwenda kumlilia Jupiter. Machozi yako upande mmoja, ukimya upande wa pili, na mshairi hana shaka ni upi ulio mwaminifu.

Upande wetu, shahidi aliyesalia ni lugha. Kiswahili kilichukua kutoka Kireno meza, bendera, foronya, mvinyo, karata, padri, leso. Ni vitu vya nyumbani, melini na mchezoni. Lakini silijui neno hata moja la hisia lililovuka kwa njia hiyo. Huzuni, furaha, hamu, shauku, mahaba na ghadhabu tulizipokea kwa Waarabu. Uchungu na wivu tulikuwa nao wenyewe. Wareno hujivunia neno lao *saudade*, ile hamu ichanganyikayo na majonzi ya kutengana, na baharia wao bila shaka alilitamka mara nyingi akiitazama bahari kutoka bomani. Wenyeji hawakulihitaji. Neno la ibada nalo lina kisa chake: wanaisimu wengi hulitoa neno *gereza* katika *igreja*, kanisa la Kireno. Mahali ambapo Mreno alipiga magoti na kutubu, Mswahili alipaita kwa jina ambalo leo maana yake ni kifungo. (Ajabu ya historia ni kwamba Ngome yenyewe ilikuja kuwa jela ya serikali ya Kiingereza, tangu 1895 hadi 1958.)

Kisa kinachotufundisha zaidi ni cha Yusuf bin Hasan. Babake, Sultani Hasan bin Ahmad, aligombana na Wareno, akakimbilia bara na kuuawa huko mwaka 1614. Mtoto alipelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Shirika la Mtakatifu Agostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akaozwa kwa ndoa ya Kikristo. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kutawala. Hakuna aliyeonyesha dalili za nje kwa ukamilifu kama yeye: jina, mavazi, sala, adabu ya kupiga goti. Wareno walizisoma dalili hizo kama moyo wenyewe, maana ndivyo walivyozoea kusomana. Lakini kumbukumbu zao zasimulia kwamba alikuwa akienda kisiri kwenye kaburi la babake kuomba kwa dua za Kiislamu. Habari zikamfikia kapteni. Kabla hajakamatwa, tarehe 16 Agosti 1631, Yusuf aliingia ngomeni akamwua kapteni huyo, Pedro Leitão de Gamboa, na mji ukawaka.

Mamia ya Wakristo walikufa katika siku zilizofuata, wakiwamo Waafrika na wanawake, na msomaji anayetaka kumfanya Yusuf shujaa bila doa hana budi kuwahesabu hao pia. Ushahidi wa kiapo uliotolewa Goa, uliochapishwa na Freeman-Grenville mwaka 1980, ulikusanywa ili kuthibitisha kwamba waliokufa walikuwa mashahidi wa imani. Kwa hiyo unaeleza kwa kirefu jinsi watu walivyokufa, ila huzuni ya mtoto aliyefiwa na baba akiwa na umri wa miaka kama saba haikuwa na mahali pa kuandikwa. Kwa waandishi hao, alichokificha ni hila tu. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipokosea kusoma: hawakuwa na istilahi ya huzuni isiyotaka kuonekana.

Si kwamba Mmvita halii. Anayedhani hivyo hajaingia nyumba ya matanga Mji wa Kale, wala hajasoma mashairi ya Muyaka bin Haji. Tofauti iko katika stara: hisia hupitishwa kwenye fumbo, ili mwenye kuambiwa ajue na asiyehusika apite njia.

Neno *leso* latoka *lenço*, kitambaa cha mkononi. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walivishona vitambaa hivyo pamoja vikawa vazi, kisha vazi likapewa jina, yaani maneno yaliyochapwa juu ya pindo. Mombasa bado huliita leso, wala si kanga. Mke mwenza au jirani aliyeudhi hagombezwi mlangoni. Mwenye uchungu hujifunga leso yenye maneno yake, akapita. Aliyelengwa huyasoma, hukunja uso, kisha huenda Mtaa wa Biashara kutafuta ya kujibia.