Utambuzi wa tofauti za ukubwa wa sauti kwa wanyama

Ni uwezo wa sikio kubaini kwamba sauti moja ina nguvu kuliko nyingine, ingawa zinalingana kwa mengine yote. Hupimwa kwa desibeli. Binadamu mwenye masikio mazima hutambua tofauti ya desibeli 1 hivi. Ndege waliopimwa maabara wamehitaji zaidi, mara nyingi 2 au 3. Mnyama haulizwi alichosikia: hufunzwa kudonoa kitufe sauti inapobadilika, akipatia analipwa punje.

Porini, tofauti hiyo husaidia kukisia umbali. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6; msituni majani na vigogo huipunguza zaidi. Kwenye misitu iliyo juu ya Moshi mpiga kelele mkuu wa usiku ni perere, mnyama mdogo wa mitini, jamaa wa pimbi. Katika Milima ya Taita, ng'ambo ya mpaka, mlio wa perere umepimwa ukazidi desibeli 100. Lakini ukubwa wa sauti peke yake hudanganya, maana mwenye sauti kubwa aliye mbali husikika sawa na mnyonge aliye karibu. Tembo wanaopita kati ya Kilimanjaro Magharibi na Amboseli hutumia pia rangi ya sauti: utafiti wa Karen McComb na wenzake huko Amboseli, uliochapishwa 2003, ulionyesha kuwa kwa kawaida humtambua mwenzao kwa ngurumo yake akiwa kilomita 1 hadi 1.5, hata kama ngurumo yenyewe hufika mbali zaidi.

Fundi hasa ni babewana, bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, anayewinda panya usiku. Masikio yake hayako usawa mmoja: la kulia huelekea juu, la kushoto chini. Panya akichakura majani makavu, sikio moja hupata sauti kubwa kidogo kuliko jingine, na kwa tofauti hiyo bundi hujua kama windo liko juu au chini ya uso wake. Upande wa kulia au kushoto huujua hasa kwa sikio lililotangulia kusikia. Huko California, Eric Knudsen na Masakazu Konishi walimziba bundi wa jamii hii sikio la kushoto, akageuza uso juu mno. Walipoziba la kulia, akaangalia chini mno. Roger Payne alikuwa ameshaonyesha kwamba hukamata panya katika giza totoro kwa kusikia tu. Kwa matumizi ya tofauti za ukubwa wa sauti, hakuna mnyama mwingine aliyetajwa hapa mwenye ushahidi ulio wazi kama wake.